Orlistati wiki ya tano: mbona kitambi hakishuki?

ZuhraMakorora
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 38, nilianza na kilo 94. Daktari kaniandikia orlistati miligramu 120, kidonge kimoja kila mlo, mara tatu kwa siku. Leo wiki ya tano imetimia, mzani unasoma 92 na nusu. Watu waliniambia ni dawa ya kuyeyusha mafuta, nikajua kitambi kitaisha. Juzi harusini nimekula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kufika nyumbani nguo imeshachafuka, na chooni nikaona mafuta ya rangi ya chungwa yanaelea juu ya maji. Je, ndiyo mafuta ya tumbo yanatoka? Shoga yangu naye ana vidonge vya kopo lisilo na maandishi, anasema vinachoma mafuta kwa wiki mbili. Niongezee?

FamasiNgamiani
Dada Zuhra, pole sana. Niko kaunta ya duka la dawa mwaka wa 11 huu, na wanaokuja na hofu kama yako ni wengi.

Uliyoyaona si mafuta ya tumbo lako, ni ile nazi uliyokula. Mafuta ya chakula hayapenyi ukuta wa utumbo mpaka yakatwekatwe na kimeng'enya kinachoitwa lipesi. Orlistati inakizuia kimeng'enya hicho, basi karibu asilimia 30 ya mafuta uliyokula inapitiliza hadi chooni. Dawa yenyewe haiingii kwenye damu ila kidogo mno. Kitambini haifanyi kazi yoyote.

Shika kalamu. Ukila gramu 60 za mafuta kwa siku, 18 zinatoka. Kila gramu ina kalori 9, jumla 162. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, kwa hiyo ni siku 47 hivi kwa kilo moja. Wewe umeshusha kilo moja na nusu kwa siku 35! Usivunjike moyo. Kuna utafiti wa Sweden uliochapishwa 2004: baada ya miaka minne waliomeza orlistati walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.8, waliopewa kidonge kisicho na dawa kilo 3.0, na wote walikuwa wamepangiwa chakula na mazoezi.

Ninachoomba ukishike ni hiki: dawa hii haigusi wanga wala sukari. Chai ya vijiko vinne, soda, mlima wa ugali, vyote vinaingia mwilini kama kawaida na ziada inawekwa akiba. Siku ya ugali na mchicha wa kuchemsha, ruka kidonge, hakina cha kuzuia. Vitamini A, D, E na K nazo zinapotea pamoja na mafuta, kwa hiyo meza multivitamini usiku unapolala. Kama unatumia dawa ya tezi ya shingoni (thairoidi) au ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari wako.

Vidonge vya shoga yako usiguse. Dawa ya kuchoma mafuta kwelikweli iliwahi kuwepo, dinitrofenoli. Miaka ya 1930 Marekani watu waliimeza wakakonda, lakini nishati yote iligeuka joto ndani ya mwili. Wengine walipata mtoto wa jicho, wengine walikufa, na 1938 ikazuiwa. Halafu kuna sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Hadi leo inakutwa imechanganywa kwa siri kwenye vidonge na chai za "asili".

KochaRaskazone
Naunga mkono. Vijana wangu wananunua karnitini, kirutubisho kinachouzwa eti cha kuchoma mafuta, kwa bei ya kiatu kizuri, wakati mwili unajitengenezea wenyewe na nyingine inatoka kwenye nyama. Sijaona tumbo lililopungua kwa hiyo.

ZuhraMakorora
Ahsanteni sana. Nimempigia shoga sasa hivi. Anasema tangu aanze hapati usingizi, mdomo unamkauka na moyo unakwenda mbio hata akiwa amekaa.

FamasiNgamiani
Aache leo hii. Mpeleke hospitali akapimwe presha na moyo, na kopo mwende nalo, hata kama limebaki tupu.

ZuhraMakorora
Tuko kwenye bajaji.