Kupoza Raspberry Pi 4: feni ya waya mbili, ya waya nne, au kasha la alumini?

Nyuzi80
Wakuu, habari zenu. Nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ndani ya kasha la plastiki. Mchana inatunza mafaili tu, haina neno. Usiku nikiipa kazi ya kubadilisha video, joto linapanda mpaka nyuzi 80 na kazi inaanza kusuasua. Kipande cha alumini nilichobandika juu ya chipu kinachelewesha joto, lakini mwishowe linafika palepale.

Nimebaki na njia tatu: feni ndogo ya waya mbili niichomeke moja kwa moja kwenye pini, feni ya waya nne inayodhibitiwa kasi, au niachane kabisa na feni nichukue kasha la alumini. Ubao unakaa chumba ninacholala, kwa hiyo kelele ndiyo inayonisumbua akili. Kuchomelea risasi najua. Mngechagua ipi, na kwa nini?

Mkondo_Mwembamba
Kabla hujatoa hela, hakikisha kinachopunguza kasi ni joto kweli. Ubao huu hujipunguzia kasi kwa sababu mbili: joto likifika nyuzi 80, au umeme ukishuka chini ya volti 4.63 hivi. Ukitazama kazi tu, huwezi kutofautisha. Ipe kazi nzito, kisha andika:

`vcgencmd measure_temp`
`vcgencmd get_throttled`

Amri ya pili ikileta 0x0, hakuna kilichotokea tangu uwashe. Ikileta 0x50000, umeme ulishuka. Hapo wa kulaumiwa ni chaja au waya wake, na feni itazidi kuubebesha umeme ambao tayari hautoshi.

Nyuzi80
Asante mkuu. Nimejaribu sasa hivi baada ya video kuisha: 0xe0000.

Mkondo_Mwembamba
Basi ni joto. Jibu hilo linasema kikomo cha joto kilifikiwa na prosesa ikapunguziwa kasi, ila umeme haukushuka. Chaja iko sawa, endelea.

Binti_Saketi
Kwa chumba cha kulala mimi nasimama na kasha la alumini. Halina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hakuna kelele, hakuna kinachochakaa, na halivuti vumbi ndani.

Siri yake iko kwenye pedi. Paa la kasha lina nguzo fupi inayoshuka mpaka juu ya prosesa, na katikati huwekwa pedi laini ya kupitisha joto. Pedi ikiwa nyembamba kiasi cha kutogusa pande zote mbili, umenunua kasha la mapambo. Namna ya kukagua: funga skrubu zote, fungua tena, tazama pedi. Ukiona alama ya mraba ya chipu imejichora yote, mguso ni mzuri. Ikijichora upande mmoja tu, umekaza skrubu bila kulingana. Watu wengi huishia kusema makasha haya hayafai, kumbe pedi haikugusa chochote.

Udhaifu wake ni kwamba Wi-Fi inaweza kudhoofika ndani ya chuma, na kasha lenyewe linakuwa la moto ukiligusa. Usilifungie kabatini, maana joto lazima lipate pa kwenda.

Fundi_Pini
Mnamzungusha bure. Waya mwekundu pini ya 4, mweusi pini ya 6, kazi imeisha. Akitaka utulivu ahamishie mwekundu pini ya 1 yenye volti 3.3, feni itazunguka polepole.

Mama_Transista
Fundi, kwa ubao wa karakana nakuunga mkono. Kwa mtu anayelala pembeni yake, hapana. Feni ya milimita 30 lazima izunguke kwa kasi kubwa ndipo isukume hewa ya maana, ndiyo maana inalia kama mbu. Hiyo ya volti 3.3 nayo siipendi: laini hiyohiyo inalisha vipuri vingine vya ubao, na beringi zikianza kuwa nzito feni inaweza kushindwa kuanza kuzunguka bila wewe kujua.

Nyuzi80, umesema mchana ubao hauna neno. Basi unahitaji feni inayolala mchana na kuamka kukiwa na kazi. Waya mbili zinatosha, ongeza transista, yaani swichi ndogo ya umeme.

Usiilishe feni kutoka pini ya kawaida ya GPIO, zile pini za ubao za kutuma na kupokea ishara. Pini moja haitakiwi kutoa zaidi ya miliampia 16, na feni ndogo ya volti 5 huweza kuvuta 100 au zaidi. Pini itoe amri tu. Waya mwekundu uende volti 5, mweusi uende mguu wa kolekta wa transista ya NPN kama 2N2222, mguu wa emita uende ardhi (upande hasi wa umeme), na mguu wa beisi upitie rezista ya omu 680 mpaka GPIO14, ambayo ni pini ya 8. Weka dayodi sambamba na feni, upande wenye mstari uelekee waya mwekundu. Mota ikizimwa hurusha volti kinyume, na dayodi ndiyo inayookoa transista. Usiiruke hata kama utaona watu wameiacha.

Kisha ongeza mstari huu kwenye config.txt, faili ya mipangilio ya ubao:

`dtoverlay=gpio-fan,gpiopin=14,temp=60000`

Hiyo ni nyuzi 60. Feni itawaka hapo na kuzima joto likishuka nyuzi 10 chini yake, kwa hiyo haitawaka na kuzima kila dakika. Angalizo moja: GPIO14 ndiyo pini ya kutuma data ya siri­o. Kama unaingia kwenye ubao kupitia waya wa sirio (serial), tumia pini nyingine, la sivyo feni itafuata data badala ya joto.

Hewa_Tulivu
Mama Transista kaeleza vizuri, ila njia yake ina hali mbili tu, kuwaka au kuzima. Mimi usiku huamshwa na sauti inayobadilika ghafla kuliko inayoendelea. Ndiyo sababu natetea waya nne: mbili za umeme, moja ya kurudisha hesabu ya mizunguko, moja ya kupokea amri ya kasi. Amri hiyo hutumwa kwa mapigo ya kilohezi 25, juu ya kiwango cha sikio la binadamu. Ukijaribu kupunguza kasi ya feni ya waya mbili kwa kukatakata umeme wake kwa mapigo ya chini, utasikia mlio mwembamba unaokera.

Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ina soketi maalumu ya feni ya namna hii: inaanza taratibu nyuzi 50 na kufika kasi kamili nyuzi 75, mfumo unafanya wenyewe. Kwenye Pi 4 huenda ukalazimika kuandika programu yako. Na waya wa kuhesabu mizunguko usiuvute juu kwa volti 5 (yaani usiuunganishe na volti 5 kupitia rezista), pini za ubao zinavumilia 3.3 tu.

Binti_Saketi
Kabla hajachagua, hakuna aliyemuuliza hewa itaingilia wapi. Feni kwenye kasha lililozibwa inazungusha hewa ileile ya moto. Nyuzi80, toa kifuniko, simamisha ubao kwa ubavu ili hewa ya moto ipande yenyewe, kisha rudia video ileile.

Nyuzi80
Nimefanya hivyo. Joto limesimama chini ya 80 muda wote wa video, halikugusa kikomo, ila halikuwa mbali nacho. Kumbe plastiki ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo.

Nimeamua: feni ya milimita 40 ya waya mbili kwenye kifuniko, pamoja na transista. Programu ya waya nne sitaki kuitunza, na Wi-Fi naihitaji, kwa hiyo alumini nimeiacha. Swali la mwisho: feni ivute hewa au isukume?

Mama_Transista
Isukume hewa ndani, ielekee kipande cha alumini. Kwa kawaida hewa hutokea upande wenye lebo na vile vimikono vya fremu, lakini hakikisha kwa kipande cha karatasi laini kabla hujakaza skrubu. Feni isikae juu kabisa ya alumini, acha nafasi ya milimita kadhaa, maana ikibanwa hapo ndipo inapoanza kunguruma. Toboa matundu upande wa chini wa kasha, jumla yake isiwe ndogo kuliko tundu la feni.

Halafu fuatilia joto la mchana. Likielea karibu na 60, pandisha temp iwe 65000, ili feni isiamke wakati ubao unatunza mafaili tu.