Naombeni ushauri, nataka kubadilisha ekzosi ya boti mwenyewe nyumbani

Mwana_Maji: Wakuu habari, nina boti ya faiba futi 26, injini ya ndani ya dizeli, ile elbo ya ekzosi maji yanapochanganyikia na moshi imeoza, nikigonga na bisibisi kutu inadondoka vipande. Nataka nichomelee bomba la chuma na mafla (ile ya kupunguza kelele) niitoe kabisa injini ipumue, kuna shida?

FundiDizeli: Mkuu mafla usitoe! Ile ndo inashika maji ukizima injini, ukiweka bomba nyoofu wimbi la nyuma linasukuma maji chumvi mpaka kwenye silinda, asubuhi ukipiga stata injini imekwama, haizunguki. Elbo lazima ipande juu ya usawa wa maji ndo ishuke, na chuma cha kawaida kitaliwa tu, tafuta stenlesi 316, chuma kisichoshika kutu kirahisi.

Dada_wa_Pwani: Na mpira wa kuunganisha bomba usiweke wa gari jamani, chukua wa ekzosi ya boti, klipu mbili kila upande. Kwetu klipu ililegea moshi ukajaa kebini, mdogo wangu kichwa kikamuuma akatapika tukadhani mawimbi. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu kwenye moshi, haina harufu.

Mwana_Maji: Asanteni sana, mafla inabaki.