Marini na Arinoti: je, beni ilikuwa kuwaiga Wazungu tu?

Mkaazi wa Ngamiani:
Ndugu zangu, asalaam alaykum. Nakusanya habari za burudani za zamani za mji wetu wa Tanga, na kila mzee ninayemwendea hunitajia ngoma ya beni. Wanasimulia waliyoyasikia kwa wazazi wao: kwamba palikuwa na vyama viwili, Marini na Arinoti, vilivyopita mitaani kwa gwaride, kila kimoja na sare zake, na viongozi wake wakiitwa Kingi, Jenerali na Kanali. Kijana mmoja aliyenisikiliza alisema hayo yalikuwa kuwaiga wakoloni tu, hayastahili kuingizwa katika historia ya mji. Kauli hiyo imenisumbua. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie.

Mwana wa Mvita:
Wa alaykum salaam. Ni kweli kwamba neno lenyewe limetokana na Kiingereza, yaani bendi, na kwamba gwaride na vyeo vilichukuliwa kwa majeshi ya Wazungu. Lakini naomba utazame kilichokuwa ndani ya sare hizo. Miji ya mwambao ilikuwa na mashindano ya mitaa tangu kabla ya ukoloni. Lamu, kwa mfano, watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni walishindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu, na fahari ilikuwa ya upande uliolisha watu wengi zaidi. Beni ilipozuka kwetu Mombasa katika miaka ya 1890, vijana wa vyama vya Kingi na Sikochi waliyavika mashindano yaleyale nguo mpya.

Kuhusu Marini na Arinoti, ningekushauri uulize nani alikuwa upande gani. Kwa jumla Marini, ambao jina lao ni la wanamaji, walikuwa watu wa mjini waliojiona waungwana, wakiwemo makarani. Arinoti walipata wafuasi wengi miongoni mwa wageni kutoka bara na wafanya kazi za sulubu. Ukiyapata hayo kwa Tanga, utakuwa umepata ramani ya mji ambayo haimo katika faili lolote la serikali. Tena vyama hivi havikuwa vya kucheza tu: mwanachama akifiwa alisaidiwa mazishi, na akisafiri alipokewa na wenzake katika mji mwingine. Ndiyo maana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia maofisa wa Kiingereza walivitilia shaka, kwa kuwa mtandao wa Waafrika kutoka mji hadi mji, usio na msimamizi wa Kizungu, uliwatia hofu.

Mtu wa Ziwani:
Shikamooni. Mimi ni wa Mbamba Bay, na ninaongeza jambo moja. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 ndio walioisambaza beni mbali na pwani, na huku kwetu Ziwa Nyasa ikawa mganda. Badala ya tarumbeta za shaba, watu walitengeneza malipenga ya vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke. Wachezaji huvaa kaptula na mashati meupe, wakapanga mistari iliyonyooka, na kijiji hualika kijiji kushindana. Anayeiga tu hatengenezi ala yake mwenyewe.

Binti Kisutu:
Nawashukuru kaka zangu, ila sijaona wanawake katika mazungumzo haya, nao ndio waliodumu. Mombasa vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa ukali kama wa beni. Hapa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla ya kujiunga na TANU mwaka 1955. Alipotakiwa kuwaandikisha wanawake, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu wao tayari walijua kukusanya watu na michango. Na anayetaka kuiona beni hadi leo aende Zanzibar siku ya harusi, atazikuta ngoma na tarumbeta barabarani na wanawake wakicheza.

Mkaazi wa Ngamiani:
Nimefaidika mno. Nakiri kwamba wote niliowauliza hadi sasa ni wanaume. Kesho baada ya alasiri nitaanza na bibi mmoja wa mtaa wetu, nimwulize mama yake alicheza chama gani na sare yao ilikuwa ya rangi gani.