Mjadala: Asiyeona aelezwe kanji kwa maana au kwa umbo?

Wakuu, naleta hoja inayowagusa wasioona wa Japani, pamoja na sisi wachache tunaojifunza Kijapani kwa masikio. Kompyuta yangu naitumia kwa programu ya kusoma skrini, kwa hiyo jambo hili nakutana nalo kila siku.

Kwa asiyejua: kanji ni herufi za Kijapani zilizotoka China, kila moja ina maana yake, na nyingi zina usomaji zaidi ya mmoja. Mjapani huchapa sauti kwanza, kisha hubonyeza kitufe cha nafasi, na kompyuta humletea maneno yanayotamkwa hivyo ili achague. Andika "kouen" yatakuja 公園 (bustani ya watu wote), 講演 (mhadhara), 公演 (onyesho la jukwaani) na 後援 (ufadhili). Anayeona hutupa jicho akachagua. Asiyeona angesikia kouen, kouen, kouen, kouen. Ndiyo maana programu hizi huongeza maelezo ya kila herufi, yanayoitwa shosai-yomi, yaani usomaji wa kina.

Maelezo hayo yaweje? Msimamo wangu: yaanze na neno ambalo sikio linalijua tayari. Kwetu mtu akisema "paa" tunamuuliza, la nyumba au wa porini? Ila sisi tujibiwe tusijibiwe, tutaandika p-a-a vilevile. Mjapani akikosea hapo, amemwandikia bosi wake kwamba kesho kuna bustani saa nne.

Tukumbuke pia kwamba nukta nundu za Kijapani, zilizotungwa na Ishikawa Kuraji na kupitishwa mwaka 1890, huandika sauti. Mtoto aliyezaliwa haoni anaweza kumaliza kitabu kizima bila kukutana na kanji hata moja. Kompyuta ndiyo inayomdai kanji, na orodha ya zile za matumizi ya kawaida, tangu 2010, ina herufi 2136. Ukimweleza umbo la herufi, "kushoto kuna matone matatu ya maji", umemsaidia nini?

Kinachoniuma zaidi ni maelezo yanayojizungusha. Kueleza 公 kuwa ni "kou ya kouen" ni kumrudisha mtu alikotoka, kwa sababu 講 na 後 nazo ni kou ya kouen! Na 公 ina usomaji wake wa Kijapani cha asili, ooyake, "ya umma". 後 ina ushiro, "nyuma". Wajapani wanaoona wenyewe hufanya hivyo midomoni: 化学, kemia, huiita bakegaku isichanganywe na 科学, sayansi, kwa kuwa zote ni kagaku. Shule ya binafsi na ya manispaa zote ni shiritsu, basi husema watakushiritsu na ichiritsu. Wenye lugha wameshatuonyesha njia.

Na si porojo za bure. NVDA, programu isiyolipiwa iliyoanzia Australia mwaka 2006, huweka maelezo ya herufi kwenye faili la maandishi ya kawaida, na mtu anaweza kupendekeza marekebisho. Karibuni.

Jibu la kwanza

Kaka, nakupinga nusu. Mimi nilipoteza kuona ukubwani, kanji nikiwa nimeshazisoma miaka minane. Ukinitajia matone matatu, herufi nzima inanijia kichwani. Halafu majina ya watu umeyaacha wapi? Takahashi mmoja huandika 高, mwingine 髙. Sauti moja, maana moja. Wajapani hutofautisha kwa umbo: ile ya pili huiita hashigodaka, "taka ya ngazi", kwa kuwa katikati yake pamekaa kama ngazi. Hata 川, mto, huiita sanbongawa, kawa ya mistari mitatu. Hayo nayo ni ya wenye lugha. Ukiyaondoa, katibu asiyeona atakosea jina la mteja, na kumkosea mtu jina lake ni kumvunjia heshima.

Jibu la pili

Mnasahau muda. Mtu anaandika barua ya ukurasa mzima. Kila neno likija na hadithi yake, atamaliza lini? Fupi kwanza, mengine kwa anayeyataka.

Mleta mada

Dada, kwenye majina umenishinda, nakubali. Basi iwe hivi: herufi ikifikiwa, isikike maana kwa maneno mawili matatu, mtumiaji akibonyeza tena, apewe umbo. Ninachokataa ni umbo kutangulia, maana hapo aliyezaliwa haoni anafungiwa mlango tangu mwanzo.

Na niseme ukweli, kanuni yangu inakwama kwenye 講. Katika orodha ile haina usomaji wa asili, ina kou peke yake. Nikisema "kou ya kougi", kougi ni somo la chuoni na pia ni kupinga jambo. Koudou ni ukumbi na pia ni tendo. Kouza ni kozi na pia ni akaunti ya benki. Nimezunguka nayo wiki nzima. Nani ana neno?

Jibu la kwanza

Jaribu koushuukai, mafunzo ya muda mfupi. Ni refu kidogo, lakini ukilisikia, sikio haliendi kwingine.

Mleta mada

Koushuukai! Ahsante, dada. Naiandika sasa hivi kwenye mapendekezo. Bado 2135, mwenye herufi inayomsumbua ailete hapa.