Kibarua wa shambani akinyanyaswa, aliyenunua nyanya naye abanwe?

Wadau tulijadili hili. Kuna mchangiaji kasema kuwabana McDonald's na wenzake, yaani kampuni kubwa za migahawa ya chakula cha haraka zinazonunua nyanya, kwa ajili ya wachuma nyanya wa Florida kule Marekani ni kuwaonea, eti aliyewaajiri ni mwenye shamba na kama kuna kosa sheria ipo. Mi nakataa kabisa.

Sheria gani? Ile ya Marekani ya 1935 inayolinda wafanyakazi wakiungana kudai haki, vibarua wa mashambani iliwaacha nje toka mwanzo na mpaka leo hawamo.

Sasa angalia ndoo. Kule Immokalee, mji wa mashamba ya nyanya huko Florida, ndoo ya nyanya ni paundi 32, kama kilo 14 na nusu hivi, unaijaza umeinama, unaitupia begani unakimbia nayo hadi kwenye lori unamrushia mwenzio aliye juu, halafu unarudi kuanza upya, na kwa miaka mingi malipo yalikuwa kama senti 40 au 50 kwa ndoo. Yaani ili upate dola 50 lazima ubebe karibu tani moja na nusu, hapo nimehesabu kwa ile bei nzuri! Na mnyapara alikuwa anataka lumbesa, zile nyanya zilizopita ukingo wa ndoo ulikuwa unachuma bure.

Mwenye shamba ukimuuliza anasema bei napangiwa, na hapo hadanganyi. Mnunuzi mkubwa akitaka bei ishuke inashuka, na dizeli na mbolea hazibembelezeki, anayebembelezeka ni kibarua. Ndo maana wale wa Coalition of Immokalee Workers, umoja wa vibarua wenyewe, baada ya kugoma sana mashambani, wakaamua kumfuata mnunuzi. Walisusia Taco Bell 2001 mpaka ikakubali 2005, McDonald's ikafuata 2007, Burger King 2008. Walichodai ni senti moja zaidi kwa paundi. Senti moja jamani.

Ila kwangu senti siyo kubwa kuliko masharti ya mkataba ambao kampuni hizo zilisaini na vibarua. Shamba likikutwa na kazi za kulazimishwa, kampuni zilizosaini zinaacha kununua kwake, hapo ndo mwenye shamba anasikia. Kuna namba ya malalamiko saa 24, wakaguzi wanaongea na vibarua wenyewe, na lumbesa imepigwa marufuku.

Wendy's, kampuni nyingine ya migahawa hiyo, walikataa kusaini, hoja yao ni kwamba nyanya zao zinatoka kwenye mabanda ya kioo na wana kanuni zao. Sawa, lakini kanuni umeandika mwenyewe, kibarua akipigwa anamwambia nani?

Nakubali kitu kimoja, zao ambalo mnunuzi wake hana jina la kuchafuka njia hii inakwama, na mashamba ya hivyo ni mengi. Kwa hao mi sioni pa kuanzia. Mnaosema tuziache kampuni, nyie mngeanzia wapi?