Fundi wa giaboksi mnamjua nyote, leo kanambia nipaki pahali sitahitaji rivasi!!!

MwanaTudor: Jamani watu wa Mombasa, huyu fundi simtaji jina manake hata nisipomtaja mshamjua, yule wa upande wa Mwembe Tayari mwenye makelele, gari likikohoa tu yeye lazima giaboksi ishuke chini. Leo kanitukana na hapa naandika mikono yatetemeka.

Nilimpelekea gari, la gia za mkono, shida rivasi. Ukiitia inakwaruza KRRRRR mpaka paka wa mtaa mzima wanahama. Akashusha giaboksi, akala 18,000 zangu, akanirudishia eti sasa hata mtoto ataingiza. Haya. Leo mchana niko Mji wa Kale, mama mkwe kiti cha nyuma, naingia kichochoro kimoja ndani ndani huko kutoka Ndia Kuu, mbele uso kwa uso na mkokoteni wa mitungi ya maji, umejaa pomoni. Mkokoteni haurudi nyuma, mwajua wenyewe, wa kurudi ni mimi. Nakanyaga klachi, natia rivasi, KRRRRR. Natia tena, KRRRRR, rungu la gia lanisukuma mkono. Nyuma tuktuk zishajipanga na honi zao, foleni imefika Malindi.

Nikampigia simu, nikaweka spika. Fundi, rivasi haiingii, nimekwama. Mwajua alinijibu nini? "We paki pahali hutahitaji rivasi." Kwa spika!! Mama mkwe asikia, mwenye mkokoteni asikia, kina mama wa barazani wasikia wakaangua kicheko. PAKI PAHALI HUTAHITAJI RIVASI. Mombasa hii pahali hapo ni wapi, baharini?

Mwenye mkokoteni ndiye aliyeacha mitungi yake akaja kunisukuma kinyumenyume, mama mkwe ndani amekataa kushuka, mkoba ameukumbatia, hasemi kitu. Pesa nishasamehe. Lakini kuambiwa nipaki pahali sitahitaji rivasi, mbele ya mama mkwe, hilo silisamehi mpaka kiyama.

BinMarikiti: Huyo huyo! Mwezi wa Ramadhani alinishushia giaboksi nzima kumbe kilichokufa ni swichi ya taa za rivasi. TAA! Rivasi yenyewe ilikuwa yaingia vizuri tu.

KadzoMtwapa: Mama mkwe alisema nini mlipofika nyumbani? Hapo ndipo penye habari na wewe umeparuka

MzeeSpana: Mwanangu punguza moto nikueleze. Gari nyingi za gia za mkono, rivasi haina sinkro, ile ya kulinganisha mizunguko gia iingie bila kelele, kama gia za mbele, ndo maana gari lisiposimama kabisa inakwaruza. Sasa kama limesimama tuli na bado inalia, basi klachi haiachii vizuri, shafti ndani yaendelea kuzunguka. Fanya hivi, zima injini halafu tia rivasi. Ikiingia laini, usiguse giaboksi, kaangalie oili ya klachi na masta silinda, ile pampu ya klachi, kama yavuja.

MwanaTudor: Mzee nimetoka nje sasa hivi nimejaribu, injini imezimwa IMEINGIA LAINI KABISA!!! Kwa hivyo giaboksi ilikuwa nzima tangu mwanzo! Halafu mtu huyo huyo ndiye wa kunambia nipaki pahali sitahitaji rivasi!

Shee_wa_Buxton: Ndugu tushasikia, umelisema mara mia. Nani alikutuma uingize gari vichochoroni mchana kweupe? Ungepaki Fort Jesus mkatembea. Pale kweli hukuhitaji rivasi 😂😂

MwanaTudor: Mama mkwe ana magoti we Shee, usinitie hasira zaidi

Chidi001: Nyie wa gia za mkono mwalia nini. Langu otomatiki, asubuhi natia R gari latulia tuli, lafikiria, halafu laruka ghafla karibu liingie jikoni kwa jirani

MzeeSpana: @Chidi001 chomoa kijiti upime oili ya giaboksi leo leo. Ikiwa chini, rivasi huchelewa kushika. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zinaisha. Na acha ile tabia yenu ya kutoka R kwenda D gari bado latembea, hiyo yaua giaboksi.

UmmiKisauni: Afadhali nyie zenu haziingii. Jirani yangu ya kwake yaingia kila siku saa 11 alfajiri na kigari chake cha Japani chaongea Kijapani kikirudi nyuma, chapiga kelele mtaa mzima. Mwanangu wa miaka 3 ashakariri yote, hata maamkizi hajui vizuri.

BinMarikiti: Bora chaongea. Huku Bamburi kuna lori lapiga king'ora usiku mtu anatafuta tu pa kupaki

MwanaTudor: Jamani uzi ni wa yule fundi

KadzoMtwapa: @UmmiKisauni hicho kigari cheupe, mlango wa nyuma umebonyea? Hapo Kisauni karibu na soko?

UmmiKisauni: Ehee ndicho! Wakijua?

KadzoMtwapa: Nakijua sana, ndicho kilichonivunjia taa ya mbele Kongowea kikakimbia, nikumbushe jirani yako hukaa nyumbani saa ngapi nije na mume wangu