Naomba ushauri: redio koli imekuwa bubu baada ya kung'oa moduli ya usimbaji

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi hapa Mikindani, Mtwara. Nimenunua redio koli mbili za VHF (masafa ya juu sana) za zamani, mtumba, ili vijana wetu wanaovua upande wa Msimbati waweze kuongea na pwani. Kibali cha masafa tunakifuatilia TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Shida ni moduli ya usimbaji, yaani ya kuficha sauti, iliyo ndani. Ufunguo wake (namba ya siri ya kuficha na kufichua sauti) umeshafutika, maana unatunzwa kwa umeme wa betri, na hizi zimekaa bila betri miaka. Moja nimeing'oa moduli, ikawa bubu kabisa: taa ya kurusha inawaka, lakini redio ya pili haisikii neno. Nadhani njia ya maiki na ya spika zote zinapita kwenye moduli, hivyo nikiitoa nimekata waya katikati.

Nimefikiria kuunganisha pini ya kuingia na ya kutoka kwa waya mfupi, ila naogopa kugusa pini ya umeme nikaunguza bodi. Vipuri hapa havipatikani.

Aliyewahi kufanya, pini ulizitambuaje? Mita ya kawaida inatosha? Na kapasita niweke, au waya mtupu? Vijana wanaingia baharini kila usiku.